Mvua ya Tarehe Sita

Mlinikatia keki ya kustaafu, mkanipa saa ya ukutani. Mtu aliyekaa miaka arobaini akiikimbilia saa tatu ya asubuhi, mnampa saa! Haya, nimeipokea, imetundikwa sebuleni na inachelewa dakika nne kwa siku. Lakini kabla ya keki, Patience wa kompyuta aliniuliza mbele ya wote: "Mama Zuhura, naingiza madaftari ya zamani kwenye mfumo. Karibu kila mwezi wa tatu, mwaka baada ya mwaka, pembeni umeandika 'kumbikumbi' na saa. Mfumo hauna nafasi ya kumbikumbi. Nifanyeje?" Mkacheka nyote, nami nikacheka, nikasema ni utoto wa zamani. Haikuwa kweli. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu na swali la Patience limenikwama kooni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Vyeo sitavieleza. Vimo ndani ya faili langu, na panya wa stoo wameshavisoma. Nataka kuwaeleza mwanzo wangu kwenye kituo chetu cha hali ya hewa, na mvua moja.

Niliingia kazini miaka miwili baada ya wanajeshi kutwaa nchi. Nilikuwa msichana wa Kibuli, hapa Kampala, wa hizi familia zetu ambazo babu wa babu alikuja na biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Baba alikuwa na duka la vitambaa mchana na darasa la Kurani jioni, na nyumbani tulisema Kiswahili kama watu wengine wanavyosema Kiganda. Kazi niliipata kwa urahisi wa kutisha. Watu walikuwa wanapungua maofisini. Wengine walisafiri, wengine hatukuuliza.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Kizito, mkuu wa wapimaji, Mganda wa Lubaga, Mkatoliki wa misa ya kila alfajiri, mwenye koti moja la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, herufi zikigombana kinywani. Siku ya kwanza hakunipa hata kiti. Alinipeleka uwanjani, kwenye kibanda cheupe cha vipimajoto, kisha kwenye kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini, kipimamvua chetu, akanipa gilasi nyembamba yenye mistari.

"Zuhula, piga magoti," akasema.

"Nipige magoti?"

"Macho yawe sawa na maji. Ukisoma umesimama unadanganya taifa."

Nikapiga magoti kwenye nyasi zenye umande na sketi yangu mpya. Akanifundisha mambo matatu asubuhi ile, na nayaandika hapa kwa sababu najua ninyi wa mashine hamkufundishwa. La kwanza: soma chini ya tumbo la maji, usisome pembeni yanapopanda kioo. La pili: daftari halifutwi. Ukikosea, unakata mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa lionekane, unaandika ukweli juu yake, unatia sahihi. Anayekwangua kwa wembe ni mwizi. La tatu ndilo lililonishinda.

"Maji haya tumepima saa tatu leo," akasema. "Yameanza kuingia lini?"

"Tangu jana saa tatu."

"Basi andika kwa talehe ya jana. Masaa mengi ni ya jana. Mvua ya saa tatu leo ni ya jana, siku zote, hata kama umenyeshewa leo ukija kazini."

"Hata kama ilinyesha leo alfajiri?"

"Hata kama imekuloweshea gauni mlangoni."

Niliona ni upuuzi mkubwa. Lakini ndivyo vituo vyote vilivyofanya ili hesabu zifanane, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa naandika mvua ya leo kwenye mstari wa jana bila kufikiri. Kumbukeni hilo la bila kufikiri.

Vifaa vilikuwa vingi siku zile, ila vitu vya kuvilisha vilikuwa vimekwisha. Tulikuwa na kipimamvua kingine chenye pipa dogo la kuzunguka na kalamu ya kuchora saa ya mvua, kizuri kama saa ya mfalme, lakini karatasi zake zilikuwa zinatoka ng'ambo, na kutoka ng'ambo hatukuwa tunaletewa hata chumvi. Pipa lilisimama, kalamu ikakauka. Kilichobaki kikifanya kazi kwa uaminifu kilikuwa lile tufe la kioo juu ya nguzo, ambalo jua likipita linaunguza kadi na kuacha mstari mweusi unaoonyesha saa za jua. Kadi zake tulikuwa tumezihifadhi kwa wingi. Ziko za aina tatu, na mwanzoni mwa Machi unaacha zile zilizopinda unaweka zilizonyooka, kwa sababu jua linakaribia kuwa juu ya ikweta.

Siku hiyo ya kubadilisha kadi, mwaka wangu wa kwanza, ndipo Mchina alipokuja.

Alikuja na baiskeli kutoka Luzira, suruali imekunjwa hadi magotini, matope mpaka kwenye masikio. Chini kule, kati ya gereza na ziwa, palikuwa na shamba dogo la majaribio ya mpunga, na yeye alikuwa mtaalamu wake. Jina lake Bwana Shen. Alisimama mbele yangu, akainama na kusema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko cha baba yangu:

"Shikamoo, bibie."

Mimi msichana wa miaka ishirini na moja, yeye mvi kichwani! Nikabaki nimetoa macho. Alikuwa amefanya kazi ya mpunga Unguja miaka kadhaa, akajifunza huko, na kwa hofu ya kumkosea mtu heshima aliamua kumwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto, hata askari getini. Askari walimpenda kwa hilo.

Alikuja kutafuta takwimu za mvua, lakini macho yake yalikwenda kwenye kadi mkononi mwangu. Nikamweleza kwa nini nabadilisha. Aliruka, wallahi, mtu mzima aliruka.

"Kumbe nanyi mnalifuata jua!"

Akaketi kwenye ngazi, akaanza kunieleza. Kwao, alisema, mwezi ni wa sikukuu, lakini mkulima hufuata jua. Safari ya jua kwa mwaka mzima wameigawa vituo ishirini na vinne, siku kumi na tano hivi kwa kila kituo, na kila kituo kina jina. Kuna Baridi Kubwa, kuna Maji ya Mvua, kuna Umande Mweupe. Kinachokuja sasa, tarehe tano au sita ya Machi, kinaitwa Jingzhe.

"Maana yake?"

"Wadudu wanaamka. Kwetu wakati wa baridi wadudu wote wamelala chini ya udongo. Siku hiyo radi ya kwanza inapiga, wanashtuka, wanatoka. Mkulima akiona hivyo anashika jembe. Mama yangu alikuwa anatupa peasi tule."

"Hapa hatuna baridi, Bwana Shen. Wadudu wetu hawalali, kiulize chandarua changu."

Alicheka, kisha akawa makini. "Hilo ndilo nataka kujua. Kalenda yangu imetengenezwa mbali. Hapa jua linapita kichwani. Je, kituo hiki kipo hapa pia? Kuna kitu kinachoamka?"

Baba yangu angesema elimu ni kuulizwa. Mimi nilikuwa nimefundishwa kupima kilichoanguka kutoka juu, sikuwahi kuulizwa kinachotoka chini. Mwaka ule wa kwanza Machi ilikuwa kavu, radi ikachelewa hadi mwisho wa mwezi, na Bwana Shen akaandika kwenye daftari lake dogo jambo ambalo sikuweza kusoma, uso umemshuka. Kwa kukosa peasi alikuwa amekula papai. "Labda papai ndilo limeharibu," akasema.

Mwaka wa pili alianza kuulizia tangu Januari. Mimi pia, nawaambia ukweli, nilishikwa na ugonjwa wake. Nikawa nasikiliza vyura. Nikamuuliza Bwana Kizito kama kuna wadudu wa Machi, akasema, "Zuhula, sisi ni wa mvua." Baada ya dakika mbili akarudi mlangoni. "Enswa," akasema. "Kumbikumbi. Mvua ikipiga udongo uliokauka, wanatoka. Nilipokuwa mdogo Lubaga tulikuwa tunawakamata kwa shuka." Akaenda zake kana kwamba hakusema neno.

Asubuhi ya tarehe sita mwaka ule, nilikuwa juu ya mkeka wa sala pale Kibuli radi ilipopasuka juu ya bati. Mtoto wa jirani akalia. Mvua ikaja ya kumwaga, tangu sala ya alfajiri hadi jua linachomoza, halafu ikakatika ghafla na jua likatoka limeoshwa. Saa tatu nilipiga magoti kwenye nyasi, gilasi ikajaa mara tatu. Nikaandika kwenye mstari wa tarehe tano, kama desturi. Mstari wa tarehe sita nikauacha usubiri kesho yake.

Haikupita saa nzima, baiskeli hiyo getini. Bwana Shen alikuwa ameloa jasho kwa kupanda mlima, mkononi ana kopo la majani ya chai. Akalifungua chini ya pua yangu. Lilikuwa limejaa mbawa, mbawa nyembamba za rangi ya chai hafifu.

"Wameamka, Bi Zuhura! Siku ileile! Wametoka kwenye tuta langu la maji, maelfu! Odongo amekula mbichi!"

Odongo alikuwa mlinzi wa lango la maji pale shambani, mstaafu wa reli aliyekaa na binti yake kwenye nyumba za reli Nsambya. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga ubao unaoachia maji ya mfereji yaingie kwenye vitalu vya miche. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Bwana Shen alimpenda kwa sababu aliweza kusema kina cha maji kwa kutia kidole.

Tulifurahi sisi watatu, nakwambieni. Hata Bwana Kizito alinusa kopo. Hakuna kati yetu aliyeuliza mvua ile imefanya nini shambani.

Imefanya hivi: Bwana Shen akiwa njiani kuja kwetu, maji ya mlimani yalishuka kwa mkupuo, yakapita juu ya tuta, yakaisomba miche yote. Na shamba lile, ingawa mtaalamu alikuwa Mchina, lilikuwa na msimamizi kapteni wa jeshi, ambaye alikuwa ameahidi wakubwa wake kuwa watakuja kuonyeshwa mpunga. Kapteni alikaa upande wa pili wa mji, na mvua zetu za Kampala mnazijua: Kibuli unaogelea, Kololo wanamwagilia maua. Kwake hakukudondoka tone. Mzee Odongo alimwambia ni mvua. Kapteni akaona vumbi kwenye gari lake mwenyewe, akasema ni lango lilifunguliwa kwa makusudi, ni hujuma. Neno hilo siku zile lilikuwa na makaburi yake.

Lakini kapteni alikuwa amesoma kidogo, akataka ushahidi. Baada ya wiki moja akapiga simu kwetu. Bwana Kizito alikuwa ameenda posta. Nikainua mimi.

"Wewe musichana ya mvua?"

"Ndiyo, afande."

"Hapa kapteni. Tarehe sita mwezi ya tatu, mvua ilikuwa ama hapana?"

Sikujua habari za miche. Sikujua habari za Odongo. Nilichojua ni kwamba mwanajeshi yuko kwenye simu, nataka nimjibu haraka aende. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Kidole kikateremka hadi mstari wa tarehe sita. Hapo nilikuwa nimeandika kilichopimwa tarehe saba saa tatu: sifuri.

"Hakuna, afande. Tarehe sita hakuna mvua."

"Tone moja?"

"Hata tone, afande."

"Vizuri. Wewe nafanya kazi muzuri."

Nikaweka simu, nikajisifu. Nakumbuka kabisa nilijisifu, kwa sauti yangu kutotetemeka. Nikanywa chai.

Jumamosi Bwana Shen alikuja bila shikamoo. Alisimama mlangoni, akaniangalia usoni.

"Wamemchukua Odongo. Kapteni anasema daftari la serikali limesema hakukunyesha."

Jamani. Nililitazama daftari. Mstari wa tano, milimita tele. Mstari wa sita, sifuri. Mwandiko wangu mzuri, hakuna kosa hata moja. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mvua ile, nilikuwa nimenusa kopo la mbawa, na bado nilisema hata tone.

"Ni mimi," nikasema. "Nimejibu mimi."

Bwana Shen akainamia daftari. Kisha akaniuliza, kwa ule udadisi wake usiokoma hata siku ya msiba, kwa nini mvua ya leo inaandikwa jana. Nikamweleza huku nalia. Akatikisa kichwa polepole. "Hata kwetu wakati mwingine kituo kinaanguka tarehe tano, wakati mwingine tarehe sita," akasema. "Lakini wadudu hawana tarehe."

Wazo langu la kwanza lilikuwa wembe. Nawaambia bila kujificha. Nilitaka kukwangua mstari wa sita niandike mvua pale, nimpelekee kapteni. Bwana Kizito aliingia akanikuta na wembe mkononi. Nilipomweleza yote hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa. Aliuchukua wembe akautia kwenye mfuko wa koti.

"Ukikwangua, watatuona sisi ndio wahujumu. Mzee atabaki ndani na sisi tutamfuata. Tutaenda na daftari kama lilivyo."

"Tutaenda, mimi na wewe?"

"Kanuni nilikufundisha mimi," akasema. "Jumatatu. Kesho naenda kuungama kwanza."

Bwana Shen alitaka kuja, tukamkataza. Mgeni aliyejifunza Kiswahili upande wa Tanzania, mbele ya kapteni, siku zile! Alinipa kopo lake. Nikalitia kwenye mkoba bila kujua nitalifanyia nini.

Ofisi ile sitaitaja ilikuwa wapi. Ilikuwa na meza kubwa, picha ya mkuu ukutani, na sajini mmoja mnene wa kaskazini amesimama mlangoni, ambaye baadaye nilijua ndiye mkuu wa walinzi wa shamba lenyewe. Yaani mtu aliyenyeshewa na mvua ile alikuwa chumbani humo muda wote, na hakuthubutu kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea. Simlaumu. Mimi ni nani wa kumlaumu?

Bwana Kizito alifungua daftari akaeleza kanuni. Jasho lilimtiririka ndani ya koti. Kapteni alisikiliza, kisha akapiga meza.

"Mvua nanyesha leo, nyinyi naandika jana? Mutoto nikizaa leo, mutaandika jana?"

"Ni utalatibu, afande. Nchi zote."

"Wiki iliyopita hii musichana alisema hata tone. Leo nasema iko mingi. Lini alidanganya serikali? Siku ile ama leo?"

Akanigeukia. Nilikuwa na jibu la kanuni ulimini, lile lile la Bwana Kizito, na nikaona wazi halitafika popote. Karatasi za pipa la mvua zingekuwepo ningemwonyesha saa, na hazikuwepo. Nilichokuwa nacho ni kopo. Nikalitoa, nikaliweka mezani, nikalifungua. Mbawa chache zikamwagikia kwenye karatasi zake.

"Afande," nikasema, "naomba kuuliza. Kumbikumbi mwaka huu mlikula lini?"

Bwana Kizito akafumba macho. Nadhani alikuwa anasali. Kapteni akaokota ubawa mmoja, akaugeuza mwangani.

"Kumbikumbi?"

"Hawatoki bila mvua, afande. Udongo ukiwa mkavu hawatoki hata ukiwaamrisha."

Sasa, wanajeshi wale wengi wametoka kwenye nchi ya kumbikumbi. Mtoto wa kule hujua kichuguu cha baba yake kama mnavyojua simu zenu. Kapteni akamtazama sajini.

"Sajini. Ile sahani uliniletea nyumbani. Ya chumvi. Ilikuwa siku gani?"

Kuhusu mvua sajini angenyamaza hadi kiama, lakini hili lilikuwa zawadi yake mwenyewe.

"Alhamisi, afande. Tarehe sita. Wametoka asubuhi kwa tuta, tumejaza sufuria mbili. Ile yako nilikaanga mimi."

"Walitoka tarehe sita?"

"Baada ya..." Akasita. "Baada ya mvua, afande."

Kapteni alicheka. Alicheka peke yake kwa muda mrefu, halafu akaacha, na ule muda wa kuacha ndio niliouogopa kuliko yote. Akalifunika kopo, akalisukuma kwangu.

"Kumbe mimi nilikula shahidi," akasema. "Sajini, toa ile muzee. Na hii kitabu yenu, muandike saa! Mutu atakufa bure."

Tulitoka nje, Bwana Kizito akakaa kwenye ukingo wa mtaro na koti lake.

Mzee Odongo alitolewa jioni. Alikuwa amekaa siku nne. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena, na hakuna aliyemuuliza. Alirudi kwenye lango lake, akawa anapima maji kwa mkono wa kulia. Wiki ile ile alikuja kituoni na binti yake, akanishika mikono yote miwili.

"Binti ya mvua," akasema, "nimeambiwa. Wewe ndio ulinitoa. Mungu akuweke."

Bwana Shen alikuwepo. Mzee alipoondoka, akaniuliza taratibu, "Utamwambia?"

"Nitamwambia," nikasema. "Apone kwanza."

Mwaka uliofuata muda wa Bwana Shen ulikwisha. Siku ya kuaga aliniachia lile kopo, akaniambia nimwandikie kila Machi, saa ya radi ya kwanza na saa ya kumbikumbi, ili ajue kama kituo cha Jingzhe kipo ikweta. Nilimtumia barua mbili tatu, kisha anwani ikapotea katika vurugu za vita. Lakini kuandika sikuacha. Patience, ndiyo hiyo kumbikumbi yako. Mara tarehe tano, mara sita, mara wiki mbili baadaye, mwaka mwingine hawakutoka kabisa Machi. Ukizikusanya zote utapata jibu lake vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Nina hamu sana ya kulijua.

Na saa nimeandika kwa sababu ya kapteni. Mtu akikupigia simu akuulize mvua ya tarehe fulani, muulize kwanza: ya saa ngapi, na unataka kumfanyia nani nini?

Mzee Odongo aliishi miaka ishirini na mbili baada ya hapo. Kila mwaka, kumbikumbi wakitoka, alipanda mlima na kifurushi cha jani la mgomba, wamekaangwa na chumvi, akakiweka mezani kwangu kwa mkono wake wa kulia, ule wa kushoto ameuficha mfukoni. "Za binti aliyenitoa," alikuwa akisema. Kila mwaka nilijiambia leo nitamwambia. Kila mwaka nilisema ahsante baba, nikafungua jani, nikala, naye akiniangalia kwa furaha. Alipofariki, binti yake alinishukuru tena mbele ya waombolezaji, na nikainamisha kichwa kana kwamba ni unyenyekevu.

Daftari halifutwi. Kosa unalikata mstari mmoja, lionekane, unaandika ukweli juu yake. Aliyemtoa mzee Odongo ni binti ya mvua: nakata hapo. Aliyemtia ndani ni binti ya mvua. Sahihi yangu ni hii, Zuhura binti Salim, na Patience, tafadhali, sahihisho hili litafutie nafasi kwenye mfumo.